Edda Wawili

Sensa haiulizi kabila, kwa hiyo mradi uliokuja Babati kukadiria idadi ya Wagorowa ulitumia kumbukumbu zilizokuwapo: za ubatizo, shule na kliniki. Mektilda aliajiriwa kuziunganisha. Kazi yake ilikuwa kuangalia kwenye kompyuta kama mtoto aliyebatizwa Bonga ndiye mama aliyejifungulia Nangara miaka mingi baadaye, ili mtu asihesabiwe mara mbili. Aliyeandikwa Mgorowa hata mahali pamoja aliingia hesabuni.

Asubuhi moja likatokea jina la mdogo wake, Edda. Ubatizo, Mgorowa. Shule, Mgorowa. Kliniki vilevile. Mektilda akajitafuta na yeye. Alipelekwa Moshi kwa mama mkubwa akiwa mdogo, akabatizwa na kusomea huko, na alipoolewa na Herieli na kumzaa Goodness, nesi wa kliniki aliandika kabila la mume. Hakuwamo popote kama Mgorowa. Mama yao alimtoa yeye akabaki na Edda, na sasa hata kompyuta ilikuwa upande wa Edda. Akaona wivu.

Kliniki walikuwa wameandika Edita. Mektilda akabonyeza palipoandikwa "si mtu mmoja". Walau nimempunguza, alijiambia.

Mchana jumla mpya ilipotoka, aliikimbilia. Edda hakupungua hata kidogo. Walikuwa wawili sasa, Edda na Edita, Wagorowa wote.

Amedeus, mkuu wa kazi, alimwita mezani kwake.

"Mama Goodness, hawa wamezaliwa siku moja, mama mmoja. Ni mapacha?"

"Hapana. Ni mtu mmoja. Ni mdogo wangu."

Amedeus akawaunganisha mwenyewe. Alimwambia kwa upole kwamba kumbukumbu za ndugu zake amwachie mtu mwingine. Mektilda aliona aibu, lakini swali lilimtoka.

"Na mimi je? Mimi nahesabiwa wapi?"

Amedeus akaeleza kwamba wapo ambao hawakuandikwa Wagorowa popote, na kwamba wangewakadiria kwa kuangalia ni wangapi waliomo kwenye kumbukumbu moja na kukosekana kwenye nyingine.

"Umo humo," alisema.

"Lakini si kwa jina."

"Si kwa jina."

Jumapili alikwenda kwa mama yao, Sigino. Alimkuta Edda anapepeta maharage uani, yeye na mama wanacheka kwa Kigorowa. Mektilda alipoamkia, mama aliitikia marahaba na kugeukia Kiswahili, kama kwa mgeni. Edda akainuka kumpisha kwenye kigoda. Mektilda hakukaa.

"Mama, kwa nini ulinipeleka mimi?"

"Wewe ulikuwa hulii," mama akasema. "Huyu nikimwacha hata kwa jirani, alilia mpaka nirudi."

Edda akacheka. Mektilda hakucheka. Aliuchukua ungo mikononi mwa mdogo wake, akaanza kupepeta kwa nguvu, na maharage mengine yakamwagika chini.