Mtungi Mkubwa wa Pombe ya Palizi

Sisi tuliokulia Kitaya enzi zile, pombe ya mtama ikipikwa majumbani, tuliijua harufu ya kimea kilichoanikwa juani kabla ya harufu ya chaki. Mimi chaki ilinichelewea mwaka mmoja zaidi, na sababu yake ilikuwa mtungi.

Shamba la mama lilipaliliwa na majirani, nao ujira wao ulikuwa pombe. Wiki ya pili ya Januari, mwaka niliotimiza miaka tisa, mama aliniahidi: "Wakimaliza palizi Jumamosi, Jumatatu unaanza shule." Jumatano, uji wa mtama ulipopoa na kuchanganywa na kimea, akaitwa msibani kijiji cha pili. Akaniachia kazi ya kuumimina. Mitungi iliyooshwa ilikuwa miwili, wa kati na mkubwa. Nilichagua mkubwa, ili majirani wakiuona wajue kwamba nyumba yetu haina uchoyo.

Pombe ilifika kiunoni mwa mtungi tu. Juu yake ilibaki hewa tupu, na hewa ile ikafanya kazi yake siku tatu. Jumamosi alfajiri majirani walifika na majembe. Shemeji yake mama akaonja, akafuta midomo taratibu.

"Shemeji, hii umetuwekea ya kunywa, au ya kutia kwenye achari?"

"Limeni kwanza," mama alijibu. "Achari mtakula jioni."

Walicheka, wakapalilia mistari michache kwa kumheshimu, na jua halijapanda wakarudi makwao. Palizi tuliimaliza wawili, mama na mimi, mwishoni mwa Machi. Shule ikasubiri Januari nyingine.

Hakunichapa. Alinisogeza kwenye mtungi wa kati, akaushika mkono wangu na kuusimamisha mdomoni mwa mtungi. "Acha nafasi ya kiganja hiki, kwa ajili ya povu. Ukizidisha, inakuwa siki. Ukipunguza, tunainywesha sakafu." Mwaka uliofuata alipima kwa kiganja changu. Majirani walilima hadi mpakani, wakanywa, wakaimba. Jumatatu nikakaa darasa la kwanza, mrefu kuliko wenzangu wote, nikijivuna kama mkaguzi.

Mwezi uliopita, hapa Likombe, mjukuu wangu mwalimu alileta ndoo ya plastiki ya lita sitini, yenye bomba, akamimina humo pombe ya lita ishirini.

"Kubwa hivyo ya nini, mama?" nilimuuliza.

"Bibi, kwenye picha itapendeza."

Nilimwambia atie mkono. Ulizama hadi kwenye kiwiko bila kulowa. Tukaihamishia ndoo ndogo, naye akaiuliza simu yake kama bibi amesema kweli.

Ndoo zao zimeandikwa lita hadi ukingoni. Sisi tulipimiwa kwa mkono wa mtoto. Mtungi wa kati ninao bado. Kiganja changu sasa kinazidi kipimo kile kwa upana wa vidole viwili, na aliyekishika siku ile hayupo tena wa kunipimia upya.