Karafuu Huokotwa

Mjomba wangu alijua kutembea na mzigo. Kila msimu wa karafuu, katika miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, yeye ndiye aliyesukuma toroli kwenye shamba moja la Wawi. Lilikuwa toroli la mbao, na gurudumu lake moja la chuma lililia kama ndege mwenye njaa. Alishusha karafuu mbichi kutoka mikarafuuni hadi bondeni, ambako sisi wanawake na watoto tulikaa jamvini tukichambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule.

Vijana waliotaka kumpokea toroli aliwafunza kwanza.

"Mzigo uwekeni mbele, gurudumu libebe. Msijaze mpaka msione njia. Mteremkoni msikimbizane nalo. Na likikulemea, liachie! Karafuu huokotwa, mgongo hauokotwi."

"Mjomba weye, unaliogopa toroli kama mke mkali!" kijana mmoja alimtania.

"Mke mkali hununa, kisha akasamehe. Hili halisamehe."

Siku ile wingu liliinuka ghafla. Wachumaji hawakutaka safari mbili, wakapandanisha gunia juu ya gunia.

"Punguzeni," mjomba alisema.

"Mvua hiyo yaja, twende!"

Akaenda. Mvua ilimkuta katikati ya mteremko, na udongo mwekundu ukageuka sabuni.

Sisi tulikuwa chini, jamvi letu limetandikwa pale pale njia inapoishia, kwa sababu ya kivuli. Tulilisikia gurudumu kabla ya kuliona. Kilio chake kilikuwa kimebadilika. Wanawake waliruka huku na huku. Bibi yangu, mama yake mjomba, hakuruka. Alikuwa amekaa tangu asubuhi, miguu imekufa ganzi. Alishika ukingo wa jamvi, akatazama juu.

Nilimwona mjomba akiteleza, visigino vikichimba udongo. Pembeni mwake palikuwa na majani laini. Angefungua viganja tu, angeanguka hapo salama, na toroli lingeshuka moja kwa moja hadi jamvini.

Hakufungua. Alijitupa ubavu, akalivuta limwangukie yeye.

Karafuu zilitiririka na maji zikafika miguuni mwa bibi. Gurudumu lilibaki likizunguka hewani. Chini ya magunia ikatoka sauti:

"Mama, upo?"

"Nipo, mwanangu. Nipo."

Hospitali ya Chake ilimrudisha akiwa hai, lakini amepinda, na bakora mkononi. Watu wa Madungu waliokuwa wamekubali kumwoza binti yao walikuja kumjulia hali, wakakaa kitako, wakanywa kahawa. Baadaye mahari yalirudi kwa adabu, bila neno baya. Mjomba hakulalamika. Alijifunika shuka na kugeukia ukuta.

Msimu uliofuata jamvi lilitandikwa mbali na njia, naye akaletwa kukaa nasi, mwanamume peke yake kati ya wanawake, achambue. Vijana walipita na toroli lililojazwa nusu. Nilingoja mzaha wao. Walisema "Shikamoo, mjomba," wakapita polepole.

Bibi alisema bila kumtazama, "Ungeliachia, mwanangu. Si mwenyewe ulikuwa ukisema?"

"Nilisema karafuu huokotwa, mama."

Bibi alivuta fungu la vishada vya karafuu kutoka kwenye pakacha, akalisogeza karibu kabisa na mkono wa mwanawe, asije akalazimika kuinama.