Bamba la Kitambaa

Shangazi yangu hung'arisha vyuma, na karakana yetu nzima humwita Kioo. Ukutani juu ya meza yake lilining'inia bamba la alumini, kazi aliyoipenda kuliko zote, na kila asubuhi alifunga kitambaa cha kichwa akijitazama humo. Nilimwambia sifa zimempanda kichwani. Akanijibu kwamba wivu utanizeesha mapema.

Kisha mtafiti mmoja akamletea mabamba ya alumini ya kung'arisha. Juu ya bamba liliwekwa tone la mafuta meusi yaliyochanganywa na chembe za chuma, na sumaku iliyopita chini yake ililivuta. Tone lilitakiwa liende moja kwa moja hadi alama ya upande wa pili. Kwenye kazi ya shangazi liliyumba na kutambaa kando. Alivyozidi kung'arisha, ndivyo lilivyozidi kupotea.

Bosi akamwita pembeni: wakishindwa tena, kazi itapelekwa kwingine, na meza yake itaondolewa. Meza hiyo ndiyo iliyomlisha tangu alipofiwa na mume. Nilimwonea uchungu, utani ukaniisha.

Mtafiti alieleza kwa upole kwamba tatizo ni ulaini wenyewe. Tone halikuwa na kitu cha kulizuia lisiende kando. Akaomba mikwaruzo myembamba ya kuliongoza. Shangazi aliona ametukanwa. Alisema yeye hulipwa kuondoa mikwaruzo, si kuitia.

"Mama, ya ovyo hata mimi naiweza," mtafiti akasema. "Nataka iliyonyooka."

Hapo akawa amemshika pabaya. Shangazi alifunga msasa kwenye kibao na kuanza. Mkono uliozoea kuzungusha ukapinda mistari, bamba likaharibika. Lililofuata likaharibika pia, hadi yote yakaisha. Bosi akaangalia mlango, kama anayeiona kazi ikitoka.

Shangazi akalitungua bamba lake ukutani.

Nilimsihi aliache. Alivuta msasa polepole, upande mmoja tu, bila kuurudisha, na uso wake ukafifia humo mpaka ukapotea. Nilidhani atalia. Alipuliza vumbi, akamkabidhi mtafiti.

Sumaku ikapita chini. Tone likashika mistari, likaifuata bila kuyumba, likatulia juu ya alama.

Kesho yake mabamba mapya yalikuwa mezani. Shangazi alifunga kitambaa akitazama ukuta mtupu, kisha akanigeukia.

"Kimekaa sawa?"

"Kimepinda."

"Kinyooshe basi. Nina kazi."