Tulivyopeleka Shukrani Nakuru

Ninyi mnaoniuliza kila siku pale mferejini kwa nini nilirudi kutoka Nakuru nimenuna, leo nawaandikia mwanzo hadi mwisho. Safari haikuwa yangu. Ilikuwa ya shemeji yangu Filemona, yule wa gengi la watengenezaji wa reli, mume wa marehemu mdogo wangu Abigaeli. Mnakumbuka Abigaeli alijifungua, akapelekwa hospitali ya Nakuru akiwa hoi, na hakurudi. Aliyerudi ni mtoto, Tabitha, ambaye sasa anatembea na kunivunjia vikombe.

Tabitha aliishi kwa sababu mama mmoja asiyetujua alimnyonyesha pale wodini wakati Abigaeli anakata roho. Filemona alipokwenda kumchukua mtoto, mama yule hakuwapo. Manesi walijua jambo moja tu juu yake, kwamba anasali kanisa la mtaa wa Bondeni, pale pale Nakuru. Basi shemeji akaweka nadhiri kwamba atasimama mbele ya watu wa kanisa hilo amshukuru. Ndiyo desturi yetu: ukitendewa wema na watu wa Mungu, unausema mbele yao kwa kinywa chako mwenyewe, hutumi mtu. Na mnamjua Filemona na kigugumizi chake. Kwake kusema "habari ya asubuhi" ni kama kupanda mlima Longonot na gunia kichwani.

Miaka miwili baadaye, tuliposikia kwamba kanisa la Bondeni limejengwa upya na litafunguliwa Jumapili, alikuja mlangoni kwangu akasema, "She-she-shemeji, twende." Nikafunga mzigo.

Jumamosi asubuhi tulipanda gari la moshi hapa stesheni ya Longonot, behewa la tatu, mimi, yeye na mtoto. Kwenye magoti Filemona alishika leso mpya ya maua mekundu, aliyoinunua Naivasha kwa ajili ya mama yule. Tangu Naivasha mpaka Gilgil midomo yake haikutulia. Alikuwa akijifunza maneno yake kimya kimya, na mimi nikajitia kutazama punda milia nje.

Tulipopita Elmenteita, ziwa likiwa jeupe kwa magadi na ndege wamejaa ukingoni, mama mmoja mwenye kikapu cha njegere aliniuliza, "Huyu bwana yako anaomba?"

"Si bwana yangu, ni shemeji. Anajifunza kusema asante."

Akacheka. "Asante nayo watu wanajifunza?"

"Huyu anajifunza, mama. Anataka isimkwame."

Akampa Tabitha njegere kiganja kizima.

Nakuru tulifika mchana, vumbi jeupe la ziwani likituingia machoni, tukatembea hadi Bondeni kwa Mama Loisi. Huyu ni wa kwetu magharibi, anauza maharagwe sokoni na anasali kanisa lile lile. Alitupokea katika chumba chake kimoja kana kwamba kina ghorofa. Nikamuuliza kama anamjua mama aliyemnyonyesha mtoto wa watu hospitalini.

"Dada, Bondeni tuko wengi," alisema. "Na kitu kama hiyo mtu hatembei akitangaza. Semeni kanisani. Kama yuko atasikia."

Jioni alitupeleka kanisani, watu wakifanya mazoezi. Ndiyo, mazoezi ya kusali! Katibu wa kamati, Bwana Ezra, alisimama mbele, suruali imepigwa pasi hadi ungeweza kukatia mkate, mkononi kengele ya shaba. Kengele ikilia mara moja, wote wasimame. Ikilia mara mbili, wote wakae. Watu wazima, wenye wajukuu, walisimama na kukaa, wakasimama na kukaa, mpaka magoti yakalia. Mama Loisi alininong'oneza kwamba hiyo ilikuwa wiki ya pili.

Walipopumzika nikamwendea Ezra, nikamweleza habari zote, tangu kifo cha mdogo wangu hadi leso. Akamgeukia Filemona. "Haya, sema nisikie."

Filemona akafungua kinywa. "Mi-mi-mi..." Mishipa ya shingo ikamtoka. Ezra akatazama saa yake.

"Programu imejaa, mama. Kesho kuna wageni wakubwa, na Wazungu wa misheni watakuwapo. Huyu akianza, tutaaibika. Mimi nitasema kwa niaba yake: ndugu mmoja wa Longonot anatoa shukrani. Imetosha."

"Shukrani kwa nani?"

"Kwa Mungu. Mungu anajua."

"Mungu anajua, ndiyo," nilimwambia, "lakini yule mama hajui!"

Akagonga kengele yake, watu wakasimama, nami nikaachwa na hasira zangu. Njia nzima Filemona hakuiacha ile leso. Alikunja leso, akaikunjua, akaikunja tena.

Jumapili asubuhi kanisa lilinuka rangi mbichi hata macho yakawasha, ikabidi madirisha yote yafunguliwe, ingawa Ezra alilalamika juu ya vumbi. Mlangoni walisimama vijana wawili wakitazama miguu ya watu. Mwenye viatu, na kama ni mwanamke kitambaa cheupe kichwani, aliingia. Asiyekuwa navyo alielekezwa nje, akakae kwenye majani chini ya madirisha, ili mistari ya ndani ipendeze machoni pa wageni. Mimi nilipita kwa kitambaa cha kuazima. Naona haya kwamba nilipita. Tangu lini nyumba ya Mungu ikawa na bawabu wa viatu?

Mhubiri alitoka Nairobi. Alihubiri juu ya Msamaria Mwema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko suruali ya Ezra, mikono ikipanda na kushuka, na akina mama waliokaa nami wakatikisa vichwa kwa heshima bila kuelewa nusu yake. Kwaya iliimba sauti nne, hakuna aliyekosea. Sikatai, ilipendeza. Lakini nilitafuta ndani yangu pahali palipoguswa, nikakosa.

Kisha Ezra akasema kwa sauti laini, "Ndugu mmoja wa Longonot anatoa shukrani," akafungua kinywa kuendelea na jambo jingine.

Filemona akasimama.

"Ma-ma-mama mmoja," alisema. Watu wakageuka. Kijana mmoja akacheka. "Mama mmoja wa ha-ha-hapa..."

Ezra akashika kengele akaigonga kwa nguvu ili kumkatiza. Lakini watu wake aliwafundisha mwenyewe, wiki mbili nzima. Kengele imelia mara moja. Kanisa zima likasimama.

Filemona alishtuka. Aliona watu wote wamemsimamia, kama inavyosimamiwa Injili ikisomwa, na naamini alidhani ndiyo heshima ya Nakuru. Akaendelea. Ezra akagonga mara mbili, wakae. Hakuna aliyekaa. Akagonga tena mara mbili. Mama Loisi, mbele yangu, alisema bila kugeuka, "Wacha mtu aseme!"

Akasema. Ilichukua muda, na kila neno lilitoka na jasho. "Mke wangu alikuwa anakufa. Mtoto alikuwa analia njaa. Mama mmoja wa hapa alimpa titi. Si-si-sijui jina lake. Mtoto ni huyu. Yu hai. Na-na-nasema asante." Nikamwinua Tabitha juu aonekane.

Halafu kilio kikatokea, si ndani ya kanisa bali nje, chini ya dirisha. Wale vijana wa mlangoni walitaka kumzuia, akawapita katikati. Alikuwa mama mwembamba, pekupeku, miguu ina vumbi, kichwani hana kitu. Alitembea juu ya sakafu mpya mpaka kwetu, akamshika mtoto mashavu. Tabitha, asiyemjua, akaangua kilio naye.

"Nilifikiri alikufa," alisema. "Mimi wangu alikuwa amekufa wiki hiyo. Nilirudi wodini nikakuta kitanda hakina mtu. Sikuuliza. Niliogopa kuambiwa."

Jina lake ni Perusi. Filemona alimfunika leso mabegani, na safari hii hakuhitaji kusema kitu.

Baada ya ibada Ezra alinifuata. "Mmeniharibia programu." Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki hapa, maana najua haya yatasomwa hadi kwa mchungaji wetu.

Jumatatu tukarudi. Filemona alilala garini kuanzia Nakuru hadi Naivasha kama mtu aliyetua mzigo. Mimi sikulala. Nilikuwa nikifikiria miaka miwili ambayo Perusi alimlilia mtoto aliye hai, na kwamba kidogo tu angeendelea kumlilia, kwa sababu asante ya kweli ilikosa nafasi kwenye programu na mtu wa kweli alikosa viatu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi afadhali neno linalokwama kooni likitoka rohoni.

Nasikia sasa wazee wetu wa kanisa wanataka tununue kengele ya shaba kama ya Nakuru. Watakaponiuliza shauri nitawaambia kile kipande cha reli tunachogonga kuitia watu ibadani kinatosha. Kama lazima tuige kitu kutoka Bondeni, tuige yale madirisha. Namshukuru Mungu siku ile yalikuwa wazi.