Zamu ya chai: mke wangu, collagen, na diet iliyotoa kila kitu mezani

Wakuu, habari za jioni. Nimekuwa msomaji wa kimya hapa jukwaani, leo ndio nafungua uzi wangu wa kwanza. Haya yametokea nyumbani kwangu na sijayapaka rangi. Kama unatafuta mtu wa kukuuzia supplement, huyo si mimi, pita tu.

Nafanya kazi kiwanda cha chai, upande wa Kimulot, huku kwenye vilima vya baridi. Kwetu ni kando ya ziwa, ila tumekaa huku hadi binti yetu Achieng anaona kwetu kuna joto mno.

Mke wangu, Mama Achieng, alikuwa mtu wa chai. Ya asubuhi, ya saa nne, ya kupokea mgeni, ya kumsindikiza mgeni. Chai ya maziwa, iliyochemka ikachemka tena.

Halafu viungo vikaanza kuvimba. Ilifika mahali hawezi kufunga kifungo cha sweta ya mtoto.

Hospitali walisema ni kinga ya mwili inayojishambulia yenyewe, wakamwanzishia dawa. Daktari wetu, mama mmoja mtaratibu, tulimuuliza kuhusu diet tuliyoiona mtandaoni. Hakutucheka. Alisema tujaribu, mradi dawa zisiachwe. Nasisitiza hapo maana najua comments zitaelekea wapi. Hakuziacha.

Kwa wasioijua: unatoa vyakula vingi kwa mpigo, unabaki na vile vya asili, kisha unarudisha kimoja kimoja ukiangalia mwili unasema nini. Maziwa yakatoka. Ngano, mayai, nyanya, sukari, chai, na mahindi.

Mjaluo bila ugali, wakuu. Fikirieni tu.

Tukabaki na nduma, viazi vitamu, sukuma wiki, samaki na nyama. Juu yake, unga wa gelatin na wa collagen, unaotolewa kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, kwa ajili ya viungo.

Mimi nilidhani hizo mbili ni kitu kimoja. Nikaleta gelatin, akakoroga kikombe kizima kwa maji moto, akaenda kuanua nguo, akakutana na jirani wakapiga story. Kurudi, baridi ya Kimulot imeshafanya kazi yake. Akapindua kikombe juu chini, hakuna kilichomwagika.

Alicheka hadi akashika mbavu. Tangu siku hiyo zote mbili akaziita gundi. "Baba Achieng, niletee gundi yangu, labda itanishikanisha."

Kwa anayeanza: collagen inayeyuka na kubaki maji. Gelatin inaganda, na usipoiloweka kwanza kwa maji baridi inafanya madonge.

Ilisaidia? Sijui. Uvimbe ulipungua, lakini alikuwa kwenye dawa pia, kwa hivyo siwezi kuapa kwamba ni gundi. Kifungo cha sweta alikifunga. Hicho nilikiona kwa macho yangu.

Chai ndiyo ilimtesa. Huku ukimkalisha mgeni bila chai ni kama umemfukuza kwa adabu. Majani yote ya nyumbani tuliyagawa ili yasimjaribu, nami nikaacha kunywa. Hata Mama Chebet, jirani tuliyekuwa tunanunua maziwa kwake, akapunguza kuja.

Nikitoka kazini koti langu linanuka chai. Alikuwa ananiambia nisilivue kwanza, nikae karibu naye. Anafumba macho, anavuta harufu.

Wakati wa kurudisha vyakula ukafika. Mayai yakapita. Mahindi yakapita, tukala ugali kama ni Krismasi. Ngano ikamkataa, mikono ikavimba tena.

Nikamwambia turudishe chai sasa, hata ya rangi.

"Hapana," akasema. "Hiyo ikinikataa nitalia. Wacha zamu yake iwe ya mwisho."

Nikakubali. Mwili ni wake.

Mvua za baridi zikaja na kikohozi. Dawa zake zilikuwa zinapunguza kinga, daktari alikuwa ametuonya, kwa hivyo tulikimbia hospitali mapema. Ilikuwa nimonia. Wakamlaza.

Asubuhi moja wodini wakaleta chai ya maziwa. Akashika kikombe kwa mikono miwili, akakinusa, halafu akanipa mimi. Nikambembeleza anywe kidogo tu, diet isubiri.

"Zamu yake bado, Baba Achieng. Nitakunywa ya kwangu nikirudi nyumbani."

Alifariki wiki hiyo hiyo.

Majirani walijaa kwetu. Mama Chebet alileta maziwa, masufuria makubwa yakapanda motoni, kisha akaja nilipokaa akaniuliza polepole, "Baba Achieng, majani ya chai iko wapi?"

Nyumba ya mtu wa kiwanda cha chai, na hakukuwa na majani hata ya kikombe kimoja. Akaenda kuchukua kwake.

Chai ikachemka jikoni mwa Mama Achieng. Harufu ikajaa nyumba nzima, watu wakanywa wakaongezewa. Yangu ilipoa mkononi.

Wakuu, sijaja kuponda diet wala collagen. Huenda vilimpunguzia maumivu, na kucheka tulicheka. Nilichojifunza ni hiki: dawa za hospitali zibaki pale pale, na kile mgonjwa anachokipenda zaidi msikipange mwisho. Muulizeni daktari, akisema hakina hatari, kianze hicho.

Kama una mtu nyumbani kwenye diet kama hii, andika hapa chini amepanga nini mwisho. Nitasoma zote, hata kama sitajibu.

Nilisahau kusema. Kopo la collagen bado liko kwenye rafu, limefika nusu. Juzi Achieng aliniuliza kama tunaweza kutupa gundi ya mama.

Nilimwambia bado.