Mahali pa Kusimama Winchi Ikivuta

Gereji nzima walimwita Subiri, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyeendesha winchi, ile mashine ya kuvutia kwa waya, iliyofungwa mbele ya gari la kuokolea magari yaliyokwama, na kila aliyewahi kunasuliwa naye alikumbuka neno lake hilo moja. Subiri nivae glavu. Subiri niukague waya. Subiri yule bwana aondoke pale, maana pale si mahali pa mtu anayeipenda miguu yake.

Yeye mwenyewe hakujali. Watu wa haraka aliwadharau kuliko alivyowadharau walevi, kwa sababu mlevi kesho yake akili humrudia. Alikuwa amewaona wa kila aina: wanaoruka waya uliokaza kama watoto wanaoruka kamba, wanaoushika kwa mikono mitupu halafu wanashangaa viganja vikichanika, na wale wanaosogea karibu ili waone vizuri.

"Waone nini?" alimwuliza mkewe. "Gari linatoka topeni taratibu kama jino bovu, na wao wametoa macho kama wanamtazama bibi harusi."

Ila hakuna aliyemkera kama shemeji yake, mdogo wa mkewe. Subiri mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi kwa mwenye gereji. Kijana mtu mzima yule alishika winchi wiki mbili, akalalamika mgongo, akaenda semina ya siku tatu, akarudi Msimamizi wa Uokoaji. Cheo kiliandikwa mgongoni mwa kizibao cha njano ambacho alikipiga pasi. Subiri hakuwahi kuona kizibao cha kazi chenye mstari wa pasi, na alikitazama kila asubuhi kama mtu anavyotazama nzi kwenye chai.

Asubuhi ile shemeji alimkuta akikagua ndoano.

"Shemeji, leo nakuomba. Mteja ni mkandarasi mkubwa. Sitaki mambo yako ya subiri, subiri. Ukinichelewesha tena, Jumatatu unahamia kuosha magari na winchi nampa mtu mwingine. Usiseme sikukwambia."

Subiri aliendelea kukagua ndoano. Alikuwa na miaka arobaini na tisa na hakujua kazi nyingine. Alijiona ameshika mpira wa maji, akiwaoshea matairi watu aliowatoa mashimoni kwa mikono yake. Picha ile alikwenda nayo njia nzima.

Pikapu ya mkandarasi ilikuwa imezama mpaka tumboni nyuma ya jengo ambalo halijakwisha, mkia ukiwaelekea. Mafundi waashi waliacha kazi, wakapanga makalio juu ya matofali kama watazamaji wa mpira. Subiri aliliweka gari lake sawasawa na ile pikapu, akazuia matairi kwa magogo, akavaa glavu, akauvuta waya akiacha mizunguko mitano kwenye ngoma ya winchi. Kisha akalala kifudifudi kwenye tope, akaanza kuchimba kwa mikono.

"Unatafuta nini huko chini?" shemeji aliuliza.

"Kitanzi cha fremu. Ndicho cha kufungia."

"Si hiki hapa?" Shemeji aligonga kwa ncha ya kiatu kile kirungu cha mviringo kilichotokeza nyuma ya pikapu.

"Hicho ni cha kuvutia tela barabarani. Gari likinaswa hivi, winchi inakikata, kinaruka na ndoano yake. Kitamtafuta mtu."

"Kwenye semina hatukuambiwa hivyo."

"Hiyo semina ilikwama wapi ikavutwa?"

Mafundi waliangua kicheko. Kicheko kile ndicho kilichoharibu siku. Shemeji alimnyang'anya ndoano, akaitia kwenye kirungu mwenyewe, akachukua rimoti. Subiri alileta gunia lake la mchanga uliolowa, akalilaza juu ya waya katikati, ili waya ukikatika au ndoano ikichomoka uzito ule uuvute chini. Shemeji alilisukuma kwa mguu likaanguka.

"Toa takataka hizo, zinaniharibia picha."

Maana alikuwa anapiga na video. Rimoti mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto, kiuno kimeegemea boneti ya gari la winchi, usawa wa waya. Msimamizi mzima.

Subiri angeweza kukaa pembeni akatazama. Alifikiria hivyo, na wazo halikuwa chungu hata kidogo. Aliwaendea mafundi.

"Shukeni. Nyuma ya ukuta, wote."

"Mzee, wewe muoga kweli," mmoja alisema.

"Ndiyo, muoga. Shuka."

Walishuka wakinung'unika. Winchi ilianza kulia, waya ukanyooka, ukakaza, lakini pikapu haikutikisika. Kirungu kilianza kupinda. Subiri alikiona, na alichokikumbuka ni sura ya mkewe, sio ya yule mjinga. Alikimbia kwa magoti yake mabovu, akamkamata shemeji kwa kile kizibao, akamwangusha ubavuni mwa gari nyuma ya tairi. Kidole cha shemeji kilikuwa bado kwenye kitufe.

Mlio ulikuwa mfupi. Ndoano ilirudi na kirungu chake, ikang'oa taa, ikatoboa boneti pale pale kiuno kilipokuwa. Mafundi hawakucheka tena.

Shemeji alikaa kwenye tope, kizibao kimechanika mpaka kwapani.

"Waya ulikuwa mbovu," alisema.

"Waya ule pale. Haujakatika. Utazame na umwambie mtu mwingine hayo, mimi usinitanie."

Winchi ile Subiri hakuigusa tena siku ile. Mkandarasi alipouliza kazi inaendelea lini, aliambiwa asubiri gari la pili, na akasubiri kwa muda wa saa tatu juani. Lilipofika, Subiri alichimba mpaka akakipata kitanzi, akalaza gunia juu ya waya, akavuta kidogo kidogo. Hapo hakukuwa na mtazamaji. Mafundi walishachoka, wamerudi kwenye kazi yao ya kujenga.

Nyumbani mkewe alishasikia. "Usimharibie mdogo wangu."

"Sitasema uongo."

"Sijasema useme uongo."

"Basi nitasema kidogo."

Jumatatu shemeji alieleza kwa mwenye gereji, kwa urefu, habari za vifaa vilivyochakaa. Subiri aliweka mezani ile ndoano, kirungu kikiwa bado ndani yake. Mwenye gereji aliigeuzageuza.

"Nani alifunga hapa?"

Subiri alitazama dirishani. Mwishowe shemeji akasema, "Mimi."

Cheo hakikuondolewa, vyeo vya namna hiyo haviondolewi. Ila winchi ilibaki kwa Subiri, na mwenye gereji alisema kwamba waya ukishatoka kwenye ngoma, amri ni ya Subiri, awepo msimamizi asiwepo.

Kazi iliyofuata ilikuwa lori kwenye mtaro. Shemeji alishuka na kizibao kipya, akazungukazunguka, mwisho akaja.

"Shemeji, nisimame wapi?"

Subiri alinyoosha kidole mbali, mara mbili ya urefu wa waya, pembeni kabisa. Huko maji yalikuwa ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Shemeji aliangalia viatu vyake, akamwangalia Subiri, akaenda.