Baraza ya Mke Mwenzangu

Mtoto wa mke mwenzangu alimtumia mama yake nyumba nzima juu ya lori. Kuta za mbao zilikatwa tayari, baraza imeshikana na mlango, kazi ni kuunganisha tu. Juma lile lile mwanangu mimi alinipigia simu. Alikuwa anachagua vifaa vya baiskeli yake ya kupandia milima ya Rurambo.

"Mama, nitwae kofia nyekundu ao nyeusi?"

"Twaa ile inaweza kuezeka nyumba," nikamjibu.

Mume wetu alikwisha kufa, lakini katika parseli yetu, ua tunaokaa wote wawili, mke mdogo hasimamishi nyumba mpaka mke mkubwa aonyeshe mlango utatazama wapi. Basi mwenzangu akaja na fundi wake, picha ya nyumba mkononi, uso unang'aa.

"Yaya, dada yangu mkubwa, tuonyeshe. Minye nilikuwa napenda mulango uangalie ziwa."

Ziwa! Mlango wangu unaangalia mlima tangu niolewe.

"Uangalie mulima," nikasema.

Fundi akageuza picha yake. Lakini kiwanja chake kiko nyuma ya nyumba yangu, upande wa ziwa. Mlango ulipogeuka, baraza nayo ikageuka, ikasimama mbele ya jiko langu, lililo nyuma ya nyumba. Sasa kila jioni nikikoroga ugali, yeye yuko pale na wageni, miguu juu ya kiti.

"Yaya, weye unajua kuchagua! Huku jua haifiki, nyumba yako inatukinga. Kuja unywe chai."

Naenda. Anatia sukari nyingi, makusudi, ili nione kwamba kwake haikosekani.